Sema Nipo

Chiriku hakuwa na meza ya kusomea. Hakuwa na taa yake mwenyewe, wala kiti kisichoyumba, wala kompyuta, wala simu isiyo na ufa kiooni. Hakuwa na kamusi kamili. Yake iliishia katikati ya herufi S, na maneno yaliyofuata alikuwa akiyakisia. Hakuwa na kitambulisho, kwa kuwa umri ulikuwa haujafika. Hakuwa hata na shule ya kwenda, maana jengo la kidato cha tatu lilikuwa limepata ufa kutoka msingi hadi dari, likafungwa, na wanafunzi wakaambiwa wasome nyumbani kwa mtandao hadi mafundi watakapomaliza. Hakuwa na mtandao. Na tangu likizo ndefu ya mwaka uliopita, hakuwa na pacha.

Baba yake alikuwa fundi mizani. Alizunguka madukani na mkoba wa mawe ya shaba, akirekebisha mizani za wauza nafaka na wauza misumari. Mama yake alitia vifungo. Kila wiki kiwanda kidogo cha sare kilimshushia gunia la mashati mlangoni, naye akayarudisha yakiwa yanafungika. Walikaa vyumba viwili katika uchochoro mwembamba ambao jua liliingia saa sita na kutoka saa saba.

Kampuni ya mtandao ilipotangaza visanduku vya bei nafuu kwa wanafunzi wa sekondari wasiojiweza, kwa malipo ya mwezi yasiyozidi bei ya mikate miwili, mama alikwenda kupanga foleni tangu asubuhi. Karani wa dirishani alimsomea maswali kutoka kwenye skrini bila kuinua macho.

"Una wanafunzi wangapi wa sekondari nyumbani?"

"Wawili," mama akasema. Alikuwa amesema wawili kwa miaka kumi na sita.

"Kidato?"

"Cha tatu wote. Ni mapacha."

"Hongera. Aliyetangulia ni nani?"

Mama akataja majina matatu ya mvulana. Huyo alimtangulia dada yake, Chiriku, kwa dakika ishirini.

"Naam, namwona hapa kwenye orodha ya shule. Bado yupo?"

Jibu lilikuwa neno moja jepesi, ambalo watu husema kutwa kuhusu mtu aliyetoka kwenda dukani. Lakini tangu siku ya mazishi mama hakuwahi kulisema. Alikuwa amesema "amelala," amesema "ametutoka," amesema "ilivyotokea." Nyuma yake mtu mmoja kwenye foleni alikohoa kwa kukosa subira.

"Yupo," mama akasema.

Karani akabofya.

*

Fundi wa kampuni alikuja na ngazi na waya, akakifunga kisanduku juu ya mlango wa chumba cha mbele. Kilikuwa cheupe, kikubwa kiasi cha tofali nusu, na kilikuwa na taa moja ya kijani iliyowaka na kufifia polepole kama kifua cha mtu aliyelala.

"Mwenyewe yuko wapi?" fundi akauliza, akasoma majina matatu kwenye karatasi.

Mama aliinamia shati. Chiriku akasema, "Ametoka."

"Basi mwambie. Kila Jumatatu saa tisa alasiri mfumo utampigia kwenye simu hii. Sauti itamuuliza kama bado yupo. Aseme 'nipo.' Akikaa kimya wiki mbili mfululizo, kisanduku kinajifunga chenyewe."

"Kwa nini kinauliza?"

"Watu wanahama navyo, dada. Wengine wanaviuza."

"Na mimi je? Nasoma kidato hicho hicho."

"Nyumba moja, mwanafunzi mmoja. Wewe utasubiri awamu ijayo." Akashuka ngazi. "Lakini si ndugu yako? Atakuazima."

Baba aliporudi jioni na kuambiwa, alivua kiatu kimoja akasahau cha pili. Alimtazama mkewe. "Ulimwambia nini yule karani?"

"Aliniuliza kwenye foleni," mama akasema. "Mbele ya watu."

Binti alikuwa amekwisha kaa chini ya taa ya kijani na simu yenye ufa, akisoma somo la kwanza la kemia kwa wiki tatu. Baba akaona kwamba kumkatiza kungekuwa ukatili, na kwamba mambo ya majina yangeweza kungoja.

*

Asubuhi ya pili jirani muuza mkaa alibisha hodi, simu mkononi.

"Mama Mapacha," alisema, kwa kuwa hakuna aliyejua jina jingine la kumwita, "samahani sana, shoga yangu. Simu yangu ina matatizo. Nikitafuta mtandao inanionyesha mwanao."

"Mwanangu yupi?"

Jirani alimeza mate. "Marehemu. Majina yote matatu. Nikiwa jikoni kwangu anaonekana kidogo. Nikisogea kwenye ukuta wenu anazidi nguvu."

Ndivyo ilivyokuwa uchochoro mzima. Kampuni ilikuwa imekiita kila kisanduku kwa jina la mwanafunzi wake. Kinyozi alimwona kwenye simu yake. Wasichana wa bombani walimwona wakiwa hatua hamsini, kisha hatua thelathini, na mmoja akaapa kwamba akipita mlangoni simu yake humtaka nywila ya marehemu. Watu wakaanza kuzima simu wanapokaribia nyumba ile. Walipita haraka, wakisalimia huku wakitazama chini.

"Fyuzi amerudi," kinyozi alitania, akitumia jina la utani ambalo mvulana alipewa akiwa na miaka saba, alipoingiza waya kwenye soketi akauzima uchochoro wote. Hakuna aliyecheka, naye kinyozi mwenyewe akayafuta machanuo yake kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu saa tisa simu ikalia. Chiriku akaipokea na kuiweka kwenye sauti ya juu. Sauti ilikuwa ya mwanamke, safi, isiyo na pumzi. Ilitaja majina matatu, kisha ikauliza: "Je, bado upo? Sema nipo."

Chiriku alikohoa kidogo. Akaishusha sauti hadi kifuani, pale ambapo sauti ya kaka yake ilikuwa imeanza kukaa mwaka ule wa mwisho.

"Nipo."

"Asante. Tumefurahi kukusikia tena."

Mama aliacha sindano hewani. Alikuwa akimtazama binti yake, lakini si usoni, alimtazama kooni.

*

Masomo yalikwenda. Kazi zilitumwa kwa mtandao, na maksi zilirudi kwa mtandao. Chiriku aliandika jina lake chini ya kila zoezi, lakini mashine ilisoma jina la juu tu, lile la mwenye kisanduku. Walimu walikuwa wapya karibu wote. Mwalimu wa darasa aliyekuja mazishini alikuwa amehamishwa. Huyu wa sasa aliandika: "Hongera, kijana wangu. Umeanza kuonyesha makali."

Mama alitaka asomewe kila kitu. Alianza kukaa chini ya kisanduku na gunia lake, ingawa mwanga wa chumba cha nyuma ulikuwa bora zaidi. Asubuhi, kabla ya chai, alikisalimu. Si kwa sauti kubwa. "Umeamkaje," alisema, akipita, kama mtu anavyosema na aliye nyuma ya pazia.

Siku moja Chiriku alikuwa akirudi na ndoo akamsikia mama akizungumza na muuza mkaa mlangoni.

"Fyuzi amepata themanini na nane ya hesabu," mama alisema.

Muuza mkaa alikuwa na koleo mkononi. "Nani, Mama Mapacha?"

"Na fizikia tisini na moja. Mwalimu anasema ana makali."

"Ahaa," muuza mkaa akasema polepole. "Na Chiriku je?"

"Chiriku?" Mama alionekana kama mtu aliyeulizwa habari za mji ambao hajafika siku nyingi. "Chiriku hajambo. Ananisaidia maji."

Chiriku alisimama na ndoo hadi muuza mkaa akaondoka. Kisha akaingia, akamimina maji pipani. Siku hizi hakuwa akisema kitu mara nyingi. Sauti yake ilikuwa imezoea kushuka kila Jumatatu, na siku nyingine ilichelewa kupanda.

Jumatatu ya sita alikuwa bombani simu ilipolia. Baba alikuwa nyumbani, kwa kuwa alikuwa amejikata kidole. Mama aliipokea, akaiweka juu ya mashati, na wote wawili wakaitazama.

"Je, bado upo? Sema nipo."

Baba alitikisa kichwa, akimkataza mkewe. Mama alikuwa na vifungo viwili mdomoni. Asingeweza kusema hata angetaka. Hakuna aliyetikisika. Nje hakukuwa na mtu. Taa ya kijani ikawaka, ikafifia, ikawaka.

"Asante," sauti ikasema. "Tumefurahi kukusikia tena."

Simu ikakatika.

"Nani amesema?" baba akauliza.

Mama alitema vifungo kiganjani. Uso wake ulikuwa umeng'aa kwa namna ambayo baba hakuiona tangu mwaka uliopita, na kilichomtisha baba si ile simu bali ule uso.

*

Wiki hiyo hiyo tarishi wa shule, mwanamke mnene aliyechoka na jua, alileta barua. Ilikuwa ya wazazi, ikimhusu binti. Ilisema kwamba binti yao hakuonekana darasani hata siku moja tangu masomo ya nyumbani yaanze; kwamba hakutuma kazi yoyote; kwamba walimu walikuwa wamemhesabu mtoro; na kwamba pasipo maelezo, jina lake lingeondolewa kwenye usajili wa mtihani wa taifa ifikapo Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Baba aliisoma mara mbili. Kisha akamtazama Chiriku, aliyekuwa amekaa mbele yake na daftari la kemia magotini.

"Vaa," alisema. "Twende."

Afisa wa elimu alikuwa kijana mpole mwenye shati lililonyooshwa vizuri. Aliwapa kiti kimoja, baba akaketi, Chiriku akasimama nyuma yake. Afisa alifungua majina kwenye skrini.

"Huyu mvulana wako hana tatizo kabisa, mzee. Mahudhurio mia kwa mia. Ningekuwa na kumi kama yeye ningelala usingizi."

"Huyo tumemzika," baba akasema.

Afisa aliacha kubofya. Alitazama skrini, akamtazama baba, akarudi kwenye skrini, kama anayechagua shahidi wa kumwamini. "Jumatatu alisema yupo."

"Ni huyu aliyekuwa akisema. Na kazi zote ni za huyu."

Kwa mara ya kwanza afisa alimtazama Chiriku. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ambaye hayupo."

"Usinifanyie mzaha, binti."

"Sikufanyii mzaha, kaka. Ndivyo mlivyoandika."

"Una kitambulisho?"

"Umri haujafika."

"Kadi ya shule?"

"Imo ndani ya jengo lenye ufa."

Afisa alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza taratibu, kwa kuwa kueleza ndiko alikoweza: iandikwe barua kwa mkono, itiwe sahihi na mzazi yule yule aliyejaza fomu ya kisanduku, iambatane na cheti halisi cha kifo, itumwe kwa rejista makao makuu ya mitihani. Mhuri wa posta usizidi Ijumaa.

"Na kisanduku?" Chiriku akauliza.

"Siku jina linapofutwa, kinazima. Utaomba upya."

"Lini?"

"Awamu ijayo ikitangazwa."

Walipofika mlangoni afisa aliwaita. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayejionea haya: "Mzee. Kweli amekufa? Maana nimetazama tena hapa, na naona yumo ndani sasa hivi. Ameingia dakika tano zilizopita."

*

Ilikuwa mama. Walimkuta chini ya taa ya kijani na simu ya jirani, aliyoiazima. Alikuwa amejifunza mwenyewe jinsi ya kuingia. Hakuwa akisoma lolote. Alikuwa ameufungua ukurasa wenye majina matatu na neno la kijani lililosema yupo, akaiweka simu mapajani na kuendelea kutia vifungo.

Baba alieleza yaliyosemwa. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kuna njia nyingine," alisema. "Afanye mtihani kwa jina la mwenzake."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema kweli. Maksi zipo. Mahudhurio yapo. Mtandao haukatiki. Kichwa ni hicho hicho na mkono ni huo huo. Cheti kitaingia nyumba hii hii."

"Kitakuwa cha mvulana, mama," Chiriku akasema.

"Utakata nywele."

Aliyasema kwa utulivu, akifunga uzi, na kwa kuwa aliyasema kwa utulivu ilionekana kwa kitambo kama jambo linalowezekana.

"Na mimi nitakuwa wapi?" Chiriku akauliza.

"Utakuwa mwanangu."

"Mama, siku ile ilikuwa zamu yangu."

Baba aligeuka. Walijua wote kuhusu lile ghorofa lisilokwisha mwisho wa uchochoro, ambako mapacha walipanda kudaka mtandao wa bure wa hoteli, leo huyu, kesho yule. Walijua mvulana aliteleza akiwa na simu mkononi. Hawakujua kuhusu zamu.

"Ilikuwa zamu yangu, nikamwambia miguu inaniuma. Haikuwa ikiniuma. Kwa hiyo kama unataka abaki yeye niondoke mimi, sisemi hapana. Ila uniambie wazi, nisijidanganye kwamba bado nasoma."

Mama alimtazama usoni. Hakumjibu siku hiyo, wala siku zilizofuata, na baba hakuthubutu kumgusa mkewe bega. Lakini simu ya jirani aliirudisha jioni ile ile.

*

Jumatatu saa tisa simu ililia. Chiriku alikuwa amekaa kitandani, mikono chini ya mapaja. Hakunyanyuka.

"Mjibu," mama akasema.

Chiriku alikaa vile vile.

Mama aliipokea mwenyewe. Sauti ilitaja majina matatu. "Je, bado upo? Sema nipo."

"Mimi ni mama yake," mama akasema.

"Samahani, sijakuelewa. Je, bado upo? Sema nipo."

"Nimesema mimi ni mama yake. Mwenyewe..." Alikwama. Alishika shati lililokuwa karibu, akalikunja. "Mwenyewe amelala."

"Samahani, sijakuelewa. Je, bado upo?"

"Ametutoka."

"Samahani, sijakuelewa."

"Alianguka!" mama akapaza sauti. "Alianguka kutoka ghorofa ya tatu akitafuta mtandao wenu huu! Amekufa, husikii? Amekufa! Hapa nipo mimi na dada yake. Yeye hayupo!"

Waya ulinong'ona.

"Asante," sauti ikasema kwa furaha ile ile. "Tumefurahi kukusikia tena."

Mama aliiweka simu chini. Mashine ilikuwa imetoa kwenye kilio chake neno moja ililolitaka, ikaondoka nalo. Alitazama kisanduku juu ya mlango kwa muda, naye kwa mara ya kwanza alikiona kilivyo: kitu cheupe cha plastiki, chenye vumbi juu.

"Hakikuwa kikimsikia," alisema. "Hata Jumatatu ile tulipokaa kimya. Hakikuwa kikimsikia mtu yeyote."

"Hapana, mama."

"Nipe kalamu."

Cheti cha kifo alikuwa nacho yeye. Alikuwa amekichukua ofisini miezi minane iliyopita, peke yake, bila kumwambia mumewe, na akakiweka ndani ya foronya ya mto aliolalia. Alikitoa kikiwa laini kama kitambaa. Kisha akaandika mwenyewe, polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema. Chiriku alisimama nyuma yake. Aliona makosa matatu ya herufi, hakuyasahihisha.

"Mwanangu wa kwanza alifariki," mama aliandika. "Mimi ndiye niliyesema yupo, kosa ni langu. Mwanangu wa pili ni mzima, anaishi hapa, na kazi zote mlizomsifia ni zake. Naomba mumwandike. Kisanduku mkikizima sawa, lakini mkiweza kigeuzeni kiwe kwa jina lake, maana anasoma kweli, na sitaki apande popote."

Akaweka sahihi. Baba akaisoma, akatafuta la kurekebisha kwa kuwa kurekebisha ndiyo kazi yake, hakuona.

*

Posta palikuwa na madirisha matano na karani mmoja. Walikwenda wote watatu, wamevaa nguo za kutokea. Gundi ya bahasha ilikuwa kavu. Mama aliilamba mara mbili ikaachia, karani akamsukumia kikopo cha gundi chenye brashi. Mama alipaka, akakunja, akaminya ukingo kwa kidole gumba kutoka kona hadi kona.

"Ya rejista," baba akasema.

"Anayetuma?"

Mama alitaja jina lake mwenyewe, lile alilopewa na wazazi wake, na Chiriku akageuka kumtazama, kwa kuwa hakulisikia mara nyingi.

"Ndani mna nini? Kitu cha thamani, au karatasi tu?"

Mama alifikiri. "Karatasi mbili," alisema.

Karani alinyoosha mkono chini ya kioo. Aliishika bahasha upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa bado mkononi mwa mama. Alivuta kidogo, akasubiri, akavuta tena. Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza kurefuka, na mtu mmoja akakohoa.

"Mama yangu," karani akasema, si kwa ukali, "hapo ulipoishikilia haiwezi kufika."

Mama akaiachia. Karani akaigonga mhuri, akasoma tarehe kuona kama imetokea sawasawa, akaitumbukiza kwenye mfuko ulio nyuma yake.